Kurudi kuishi mashuani na watoto baada ya kukaa nchi kavu: tuanze wapi?

Baba wa Bamburi anauliza:

Assalaam aleikum nyote, na wazee wangu shikamooni. Mke wangu nami tunajiandaa kurudi kuishi ndani ya mashua yetu ya tanga, nami naomba rai za watu waliowahi kufanya hivyo wakiwa na watoto. Mashua ni ya faibaglasi, ina urefu wa mita 11 na mlingoti mmoja. Tuliishi humo miaka kadhaa, mara nyingi tukiwa tumetia nanga katika hori ya Kilifi, na kila msimu wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, tukishuka Wasini, Pemba na Tanga. Mke wangu alipokuwa mjamzito wa mtoto wetu wa pili tuliona ni busara awe karibu na hospitali na karibu na mama yake, kwa hiyo tukapanga nyumba Bamburi, na mashua ikapandishwa nchi kavu Kilifi na kufunikwa turubai.

Binti yetu sasa ana miaka 9 na anasoma shule iliyo karibu na nyumbani, ambako ana marafiki wa dhati. Aliishi mashuani utotoni na anayakumbuka machache tu. Mdogo wake anakaribia miaka 2, hajawahi kulala majini hata usiku mmoja, na amefikia umri wa kupanda kila kinachopandika. Mke wangu anataka kurudi kama ninavyotaka mimi, lakini ameniambia wazi kwamba hatakubali kurudi kwa pupa.

Ninayo maswali matatu. Kwanza, ni majira gani yanayofaa kuishusha mashua na kuhamia ndani yake? Pili, tumfanyeje binti ambaye kila tukitaja kuhama hunyamaza na kuingia chumbani kwake? Tatu, je, tuiachie nyumba siku ile ile tunayohamia mashuani, au tuendelee kuilipia kwa muda? Nilikuwa nafikiri kwamba sote tungelala mashuani ikiwa bado iko juu ya magogo, tukiitengeneza huku tukiizoea, kisha tuishushe mwezi Septemba na kuondoka kwenda kusini mara kaskazi itakapoanza.

Nahodha wa Tanga anajibu:

Waaleikum salaam, mwanangu, na marahaba. Nitajibu la majira, kwa sababu hayo mengine wako wanaoyajua kunizidi.

Septemba ni mwezi mzuri wa kushusha chombo. Kusi, upepo wa kutoka kusini, limekwisha kupoa, tumo katika demani, msimu wa pepo nyepesi, mvua za masika zimepita na za vuli hazijaanza, na bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mpya na mwezi mpevu, za karibu na tarehe 23 Septemba huwa miongoni mwa kubwa za mwaka mzima, kwa hiyo maji hupanda vya kutosha kukielesha chombo chenye mkuku (uti wa chini) mrefu bila kuburura. Ukiikosa bamvua hiyo utangoje nyingine, kwani maji mafu, yanayopanda kidogo tu, hayatakufikia. Mpigie mapema mwenye chelezo, mahali pa kushushia vyombo, maana kila mwenye chombo kizito anazitaka siku hizo hizo.

Lakini kushusha ni jambo moja na kusafiri ni jingine. Kati ya kusi na kaskazi kuna tanga mbili, ambapo upepo hauna mwenyewe: asubuhi unatoka huku, jioni unatoka kule, na katikati ya mchana chombo kimesimama kinayumba juani. Hakuna hali inayomtapisha mtoto kuliko hiyo. Usiondoke Novemba kwa sababu tu kalenda imesema kaskazi imeingia. Ngoja mpaka Desemba, uione imetulia na kuvuma siku baada ya siku, ndipo ushuke. Januari na Februari kaskazi hupata nguvu na bahari huchafuka, kwa hiyo usichelewe sana pia.

Ukumbuke na mkondo. Mkondo wa pwani yetu huenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi, katika mlango wa Pemba, huweza kupita noti 3, na mashua ya mita 11 inayobisha dhidi ya upepo na mkondo kwa pamoja inaweza kushinda kutwa nzima huku mnara ule ule ukiwa ubavuni. Kaskazi ikishika, mkondo hupungua sana ingawa haugeuki kwetu huku, nawe unakwenda na upepo wa tezi, yaani wa nyuma ya chombo. Kwa watu wanaorudi baharini baada ya kukaa, na wenye mtoto mdogo, safari ya kwanza iwe ya upepo wa nyuma na ya mchana. Kutoka Mtwapa hadi Shimoni ni takribani maili 45 za baharini, na unaweza kuikata mara mbili kwa kulala Mombasa. Kutoka Shimoni hadi Tanga ni kama maili 30. Milango yote hiyo ina miamba pande zote mbili, basi panga kuingia jua likiwa bado juu na likiwa nyuma yako, uione rangi ya maji.

Juu ya tufani, watu husema huku kwetu hazifiki. Hufika kwa nadra, lakini hufika. Unguja ilipigwa Aprili 1872 na merikebu nyingi zikaangamia bandarini, na mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilisogea hadi karibu na Mafia. Kwa hiyo ukiwa kusini ya Tanga mwezi wa Aprili na Mei, sikiliza taarifa za hali ya hewa kila siku, na ujue mapema ni hori gani yenye mikoko utakayoikimbilia.

Fundi wa Hori anajibu:

Ndugu yangu, heshima kwa mzee hapo juu, ambaye sina cha kumwongeza kuhusu pepo. Mimi natengeneza injini na vyombo hapa Kilifi, na nataka kukusihi jambo moja: usilaze familia ndani ya mashua iliyo juu ya magogo. Najua wengi hufanya hivyo ili kuokoa kodi. Sitaha ya mashua yako ikiwa nchi kavu iko mita 3 au zaidi juu ya ardhi, na chini ni kokoto na vyuma. Mtoto akianguka majini akiwa na jaketi la uokozi anaelea, na mama yake anaweza kumrukia. Akianguka kutoka juu ya magogo hana kinachompokea. Isitoshe, choo hakitumiki, maji ya sinki hayana pa kwenda, vumbi la rangi kuukuu yenye shaba linapeperuka kutwa nzima, na joto la ndani halipungui kwa sababu chombo hakielekei upepo kama kinavyofanya kikiwa nangani. Mtoto atakayeonja mashua kwa namna hiyo atakuwa ameonja mabaya yake yote bila uzuri wake hata mmoja. Njoo wewe na fundi mmoja, fanyeni kazi, na wenzako wabaki Bamburi.

Kuhusu kazi yenyewe, chombo kilichokaa chini ya jua letu huharibika mahali pasipoonekana. Matanga yanaweza kuonekana mazima ilhali nyuzi za mishono zimeoza, kwa hiyo kwaruza mshono kwa ukucha: ukikatika, peleka tanga lishonwe upya kabla upepo haujakufanyia kazi hiyo. Pangaboi la mpira lililo ndani ya pampu ya maji ya bahari libadilishwe bila kulichunguza, kwa sababu limekaa limejikunja upande mmoja. Dizeli ya zamani itolewe yote. Maji hujikusanya chini ya tangi, na mahali maji na dizeli yanapokutana huota vijidudu vinavyotoa ute mweusi wa kuziba chujio, tena huziba siku ya mawimbi, ute unapotikiswa. Kagua matundu ya kupumulia ya matangi, maana nyigu hupenda kujenga humo kwa udongo, na injini inayonyimwa hewa ya tangi huzimika baada ya dakika chache bila sababu ya kueleweka.

Valvu zote za chini ya maji zifunguliwe na kufungwa kwa mkono kabla chombo hakijashuka, na kando ya kila moja ifungwe kwa kamba kabari ya mti laini inayolingana na tundu lake. Waya za mlingoti zichunguzwe pale zinapoingia kwenye vifungo vyake vya chini, kwani huko ndiko chumvi hukaa na ndiko nyuzi za chuma huanza kukatika mojamoja. Ikiwa zimekwisha kupita miaka 10, mimi ningezibadilisha, hasa kwa chombo kitakachobeba watoto.

La mwisho ni gesi ya kupikia, nami nalisema kwa uzito wote. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Bomba likivuja, gesi haitoki dirishani, hushuka ngamani, chini kabisa ya chombo, na kutulia huko ikingoja cheche. Bomba la mpira lililokaa juani libadilishwe, mtungi ukae katika sanduku lenye tundu la kutolea nje, na kila mtu wa nyumbani, akiwemo binti wa miaka 9, ajue kufunga valvu ya mtungi kila baada ya kupika.

Mama wa Mtwapa anajibu:

Kaka yangu, nawe dada uliye kando yake, hongereni. Nimelea watoto wawili mashuani, tukatoka kwa ajili ya ugonjwa wa mama yangu, tukarudi. Nawaandikia kwa sababu swali lenu la binti limenigusa kuliko yote.

Mtoto anayenyamaza amekwisha kuelewa. Anajua kwamba wazazi wameamua, na anaona kwamba huzuni yake haina mahali katika mazungumzo yenu. Msimwambie kwamba atapata marafiki wapya, wala msimsimulie habari za pomboo. Anawapenda hawa alio nao. Mwulizeni ni nini hasa anachoogopa kukipoteza, kisha mkae kimya mpaka aseme, hata akisema baada ya siku nyingi. Wangu alisema ni mlango: nyumbani alikuwa na mlango wa kufunga, na mashuani hakuukumbuka mlango wowote. Baba yake alimtengenezea kitanda cha omo, mbele ya chombo, pazia zito, rafu na taa yake mwenyewe, na sheria ikawa kwamba hakuna anayevuta pazia hilo bila kubisha hodi. Hayo hayakumaliza mambo yote, lakini alianza kuuliza maswali, na mtoto anayeuliza maswali yumo safarini tayari.

Sasa la nyumba na la shule, ambayo kwangu ni jambo moja. Mna bahati kubwa msiyoitaja. Shule iko Bamburi, na kutoka hori ya Mtwapa hadi Bamburi ni mwendo mfupi wa matatu, tofauti na Kilifi ambako ni safari nzima. Baba ashushe mashua Kilifi katika bamvua hiyo ya Septemba, ailete Mtwapa pamoja na rafiki mmoja anayejua kazi, wakiondoka alfajiri kabla upepo haujapanda, kwa sababu safari hiyo bado ni ya kubisha na si ya watoto. Mama na watoto waje kwa barabara. Kisha kaeni nangani Mtwapa muhula wote wa tatu uliobaki. Binti aendelee na shule yake na marafiki zake, ila jioni arudi mashuani kwa kidau badala ya kurudi nyumbani kwa miguu. Awalete rafiki zake Jumamosi, waogelee na kulala sitahani. Akiwaona rafiki zake wanayaonea fahari maisha yake, atayatazama kwa macho mengine. Likizo ndefu huanza karibu na mwisho wa Oktoba au mwanzo wa Novemba, tanga mbili inapita mkiwa bado horini mmetulia, na mzee wa Tanga amekwisha kuwaambia mwondoke Desemba. Mambo yote matatu yanaangukia mahali pamoja.

Nyumba mwilipie mpaka Desemba, si zaidi. Najua wapo wanaosema iachieni siku ile ile, kwamba ukiwa na mlango wa kurudia hutayazoea maji. Mimi siamini hivyo kwa familia yenye mtoto wa chini ya miaka 2. Wiki za kwanza atapata homa, au mvua ya vuli itaingia kwenye magodoro, au mtagombana kwa sababu watu wanne wamejibana katika chumba kimoja, na usiku mmoja wa kulala nyumbani utawaokoa. Kinachohitajika ni tarehe ya mwisho inayojulikana na kila mtu, binti akiwemo.

Kuhusu mdogo, sheria zetu zilikuwa chache na hazikuwa na majadiliano. Jaketi la uokozi linavaliwa ndani, kabla ya kupanda ngazi ya kutokea sitahani, na linavuliwa ndani. Mkubwa mmoja anatajwa kwa jina kuwa ndiye mwenye zamu ya mtoto, na zamu haihami mpaka mwingine aseme "ninaye", kwa sababu watu watatu wanaodhani kila mmoja kwamba mwenzake anamtazama ni sawa na kutokuwa na mtu. Zungusheni wavu wa nailoni kwenye kamba za pembeni kutoka omo hadi tezi. Maduka ya wavuvi yanauza wavu mzuri, ila uvuteni kwa nguvu kila mwezi kwa kuwa jua huulegeza. Usiku na mkiwa safarini, kitanda chake kiwe na kitambaa imara cha kumzuia asibingirike. Na mfundisheni maji tangu sasa, mkiwa Bamburi, kila siku mnayoweza, si aogelee kama samaki bali ajue kugeuka chali na kushika kamba.

Jambo ambalo watu hawalitaji ni mbu. Turubai lenu limekusanya maji ya mvua, kidau pia, na mbu wa dengi huzaliana katika maji kidogo yaliyosimama. Mombasa tumekwisha kuona milipuko ya dengi zaidi ya mara moja. Mwageni kila kitu kabla watoto hawajafika, na mlale ndani ya vyandarua mkiwa horini, maana upepo wa humo hautoshi kuwafukuza.

Baba wa Bamburi anaandika tena:

Ahsanteni sana. Mke wangu amesoma jibu la Mama wa Mtwapa mara mbili, kisha akampa binti asome sehemu ya pazia. Usiku huo binti ameuliza kama kitanda cha omo kina dirisha. Nimemwambia kina kidirisha cha juu kinachoonyesha nyota, naye ameuliza kama kinaweza kufunguka. Mpango wa kulala juu ya magogo tumeufuta, na Mtwapa tumeikubali.

Limebaki suala la masomo baada ya Januari, ikiwa tutakuwa Pemba au Tanga muhula wote wa kwanza. Je, kuna mwalimu hapa anayeweza kutuongoza?

Mwalimu wa Malindi anajibu:

Mzazi mwenzangu, nendeni mkamwone mwalimu mkuu kabla muhula wa tatu haujaisha, mkiwa wawili na mkiwa na tarehe mkononi, na msimwondoe mtoto shuleni kimyakimya. Katika mfumo wetu wa sasa mtoto hufanyiwa tathmini za shuleni kabla ya tathmini ya kitaifa ya mwisho wa gredi ya 6, na ili zihesabiwe ni lazima awe na shule inayomtambua na kumbukumbu zake ziwe zimekamilika. Kwa umri wa binti yenu bado kuna nafasi ya kupumua. Ombeni mpango wa kazi wa muhula wa kwanza kwa kila somo pamoja na orodha ya vitabu, na mkubaliane namna ya kutuma kazi zake kila mnapopata mtandao.

Kwa uzoefu wangu, watoto wanaosomea nyumbani huachwa nyuma katika hesabu na katika kuandika, si katika sayansi wala jiografia, ambazo baharini huwa mbele yao kila saa. Kwa hiyo wekeni saa mbili kila asubuhi kwa hesabu na insha, mkiwa nangani tu. Mkiwa safarini msijaribu, kwani kusoma chombo kikiyumba huleta kichefuchefu hata kwa mtu mzima. Na mwacheni awe ndiye anayeandika shajara ya chombo: saa ya kuondoka, upepo, kina cha maji, maili. Ni hesabu na insha kwa pamoja, na ni kazi ambayo chombo kinaihitaji kweli, jambo ambalo mtoto hulihisi.

Nahodha wa Tanga anajibu tena:

Mwalimu amenena vyema. Mimi naongeza la hati, mwanangu, kwa sababu nimeona familia zikipoteza siku nzuri za upepo kwa ajili ya karatasi moja.

Kutoka Kenya pitieni Shimoni, ambako kuna uhamiaji na forodha, na msishuke popote upande wa Tanzania kabla ya kufika bandari rasmi ya kuingilia. Kwenu iliyo karibu ni Tanga, au Mkoani mkielekea Pemba. Ninyi raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hamhitaji viza, lakini kila mtoto, hata huyo mdogo, awe na hati yake ya kusafiria na vyeti vya chanjo, ikiwemo ya homa ya manjano. Mdogo apigwe chanjo hiyo mapema, kwani cheti chake huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano. Hati za usajili wa mashua zisiwe zimepitwa na wakati ilipokuwa juu ya magogo. Ndizo husahaulika.

Redio ya VHF, ya kuwasiliana baharini, ijaribiwe mkiwa bado Mtwapa, na mke wako ajue kuita kwenye chaneli ya 16 bila wewe kuwepo: jina la chombo, mahali kilipo, tatizo, idadi ya watu. Binti naye afundishwe. Fataki za dharura na betri ya kifaa cha kuita msaada kwa setilaiti zina tarehe za mwisho zilizoandikwa juu yake, na zikiwa zimepita, nunua nyingine Mombasa, usitegemee kuzipata kwetu. Mkivuka, nitumie ujumbe siku moja kabla. Mahali pazuri pa kutia nanga Tanga ni ndani ya ghuba, upande wa kusini, palipo na tope linaloshika vizuri. Pembeni karibu na mikoko maji hupwa sana wakati wa bamvua, kwa hiyo msisogee huko hata mkiona vidau vya wavuvi vinapita.